Mlio wa masikioni si sawa na sauti kukwaruza

SWALI: Nina miaka 58. TB ilinirudia mwaka 1994 nikiwa Dodoma, nikachomwa sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Mapafu yalibaki na makovu, na sasa makohozi yangu yamekutwa na bakteria wa Pseudomonas. Daktari wa hapa amenipa tobramaisini ya kuvuta kwa nebulaiza, miligramu 300 asubuhi na jioni. Wiki ya pili hii sauti imekwaruza, na usiku masikio yanalia kama nyenje. Natumia pia furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, kwa ajili ya miguu kuvimba, na ibuprofeni kwa magoti. Nivumilie tu? – Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Pole sana, mzee wetu. Sauti unaweza kuivumilia. Masikio usiyavumilie hata siku moja: piga simu kliniki leo, kabla ya kuvuta dozi inayofuata.

Sauti hukwaruza kwa sababu ukungu wa dawa hupita kooni ukigusa nyuzi za sauti. Katika majaribio yaliyofanya dawa hii iidhinishwe Marekani mwaka 1997, ilitokea kwa watu kama 13 katika kila 100, na kwa karibu 7 katika kila 100 ya waliovuta mvuke wa kulinganishia usio na tobramaisini. Kwa kawaida hupita. Kusukutua maji baada ya kuvuta husaidia kuondoa ladha mbaya mdomoni.

Mlio wa masikioni ulitokea kwa watu kama 3 katika 100, nao ulipita. Lakini hao walikuwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito), wengi wakiwa vijana, na wenye figo mbovu hawakuingizwa. Hali yako ni nyingine. Tobramaisini na streptomaisini ni ndugu wa ukoo mmoja wa viuavijasumu, aminoglikosaidi, pamoja na gentamaisini, amikasini na kanamaisini. Zote zinaweza kuua seli za vinyweleo ndani ya sikio, na seli hizo hazioti tena. Kwa hiyo sindano za 1994 bado zinahesabika, hata kama hukuona tatizo wakati ule. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, ndiyo maana mtu huendelea kusikia mazungumzo vizuri huku madhara yameshaanza.

Dawa ya kuvuta huingia kwenye damu kidogo tu, takriban mikrogramu 1 kwa mililita saa moja baada ya dozi. Kinga hiyo hutegemea figo zinazoitoa. Ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo. Figo zikilegea, dawa hurundikana. Furosemidi nayo huweza kudhuru sikio peke yake, na ikikutana na aminoglikosaidi madhara huzidi. Maelezo ya tobramaisini yanataka zisitumiwe pamoja. Hata hivyo, usiache furosemidi kwa uamuzi wako, maana kama moyo ndio unaovimbisha miguu, maji yanaweza kujaa mapafuni. Daktari ndiye wa kupanga ipi ibaki. Ibuprofeni iweke kando hadi mzungumze. Muulize kuhusu parasetamoli.

Mwambie yote kwa mpigo: mlio, kizunguzungu kama kipo, sindano za zamani na kila kidonge, hata cha kununua dukani. Omba kipimo cha usikivu na kreatinini ya damu, kipimo cha kazi ya figo. Wakitaka kupima kiwango cha tobramaisini, damu itolewe mshipani, isitobolewe kidoleni: mabaki ya dawa kwenye ngozi hupandisha jibu kwa uongo. Na kama kuna ndugu wa upande wa mama aliyepata uziwi baada ya sindano za aina hii, liseme hilo kwanza, kwa kuwa kuna kasoro ya kurithi kutoka kwa mama inayofanya sikio lidhurike hata kwa kiasi kidogo.

Ukiruhusiwa kuendelea, anza na salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, kisha mazoezi ya kutoa makohozi, kisha dawa nyingine za kuvuta, na tobramaisini iwe ya mwisho. Usichanganye chochote kwenye kikombe chake. Dozi ziachane saa 12, na zisikaribiane chini ya saa 6. Siku 28 za dawa, siku 28 za kupumzika. Kifua kikibana au kikipiga filimbi mara tu unapovuta, zima mashine, tumia salbutamoli na utafute msaada.

SWALI: Ampuli za tobramaisini za mtoto zilisahaulika mezani siku tatu. Nizitupe? – Mama, Mombasa

JIBU: Mahali pake ni friji, nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji huruhusiwa hadi siku 28, ila tu chumba kisizidi nyuzi 25 na ampuli ziwe ndani ya pakiti yake, mbali na mwanga. Chumba cha Mombasa bila kiyoyozi huzidi hapo kwa urahisi, basi usimpe mtoto. Mweleze mfamasia zilikaa wapi na kwa muda gani, akupe nyingine. Usidanganywe na rangi. Dawa nzima pia ni ya manjano kidogo na huweza kukolea, lakini yenye ukungu au chembechembe itupwe moja kwa moja.