Chevelle 1969: boksi ya pawa imekaa, shafti ya usukani haiingii

Salaam mkuu. Umeandika kuwa kwenye Chevrolet Chevelle yako ya 1969 boksi ya pawa (boksi ya gia za usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta) imeshafungwa kwenye chesisi, bolti tatu zote zimeingia, ila shafti ya usukani inagonga. Yalinikuta hayohayo. Boksi ya pawa ni ndefu kuliko ya kawaida isiyo na pawa, hivyo shafti ya zamani imezidi urefu. Usiigonge nyundo! Mimi nilitafuta shafti ya gari lililotoka kiwandani na pawa.

Anza kukagua jointi ya mpira inayounganisha shafti ya usukani na boksi, meno yake ni tofauti. Mkono wa pitman (unaotoka kwenye boksi kusukuma fito za magurudumu) wa zamani nao hauingii, shafti inayotoka chini ya boksi ya pawa ni nene zaidi. Breketi za pampu ya usukani usinunue kabla ya kutazama pampu ya maji; Chevrolet walihama kutoka pampu ya maji fupi kwenda ndefu 1969, na breketi hutegemea urefu huo. Yangu ni injini ya 350 (inchi za ujazo), ile kubwa ya 396 sijawahi kuifunga.

Kutoa hewa kwenye mafuta ya usukani: magurudumu ya mbele juu, injini imezimwa, zungusha usukani polepole mpaka povu liishe.