ProStar ya MaxxForce 13: angalia maji kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini mashoferi wa Lubumbashi wanakuambia ukimbie International ProStar ya 2011. Lori lenyewe si baya, shida ni injini ya MaxxForce 13. Navistar ya Marekani ilitegemea EGR peke yake, yaani kurudisha moshi kwenye injini ili kupunguza uchafu wake, bila dawa ya urea ya kusafisha moshi, halafu mwaka 2012 ikaiacha njia hiyo. Kipoza moshi cha EGR kinapasuka, maji ya kupozea injini yanaingia kwenye silinda.

Asubuhi injini ikiwa baridi, pima maji ya rejeta. Panda na mzigo hadi mji wa Likasi, iache ipoe, pima tena. Yamepungua na chini hakuna tone? Usinunue, hata kwa bei ya kutupa! Oili ya rangi ya kahawa ya maziwa, vilevile. Tafuta ProStar yenye injini ya Cummins ISX.