Taa za tela zinafifia ukikanyaga breki: kagua athi kabla hujavuta waya mpya

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Umesema tela ni ya kawaida ya volti 24, usiku taa ndogo za nyuma zinawaka fresh, ila ukikanyaga breki zote zinafifia, na ukiweka indiketa ya kulia taa nyingine nazo zinacheza cheza. Fundi kashabadili balbu zote na fyuzi, sasa anataka avute waya mpya toka mbele mpaka nyuma. Hiyo hela usimpe kwanza. Hizo dalili ni za athi (waya unaorudisha moto kutoka kwenye taa mpaka negativu ya betri), na kwenye umeme wa malori ambao mi ndo kazi yangu, tela zikiletwa na vituko vya namna hiyo mara nyingi kosa lipo huko huko.

Iko hivi. Kwenye kioo kimoja cha taa ya nyuma una balbu ya breki wati 21, ya indiketa wati 21, na ndogo wati 5, na zote zinatumia athi moja kurudisha moto. Athi ikikatika au ikiwa na kutu, moto wa breki ukifika pale hauna pa kupitia, unatafuta njia kwenye balbu ya jirani, unarudi kinyume kupitia waya wa taa ndogo au wa indiketa mpaka upate athi sehemu nyingine. Ndo maana unaona taa ambayo hujaiwasha inawaka kwa mbali, na uliyoiwasha inafifia. Balbu zenyewe hazina kosa lolote hapo, ungebadili hata katoni nzima hali ingebaki ile ile.

Sasa kinachowapoteza mafundi wengi ni mita. Fundi anaweka mita kwenye taa, inasoma 24, anasema moto upo, athi ipo. Mita haivuti moto wa maana mkuu, waya wenye nyuzi zote zimekatika ikabaki moja tu mita itasoma 24 vile vile, lakini ukiweka mzigo wa balbu huo uzi mmoja hauwezi. Kwa hiyo pima taa zikiwa zinawaka. Mwambie mtu akanyage breki na taa ndogo ziwe on, weka mkono mmoja wa mita kwenye athi ya taa ya nyuma, mwingine kwenye negativu ya betri ya kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela (utahitaji waya mrefu wa kuunganishia). Ikisoma chini ya nusu volti athi iko poa. Ikisoma volti 3, 5, 8, umeshampata mwizi wako, maana hizo volti zinaliwa njiani badala ya kufika kwenye balbu.

Kama huna mita tumia balbu, na mi naipenda zaidi. Chukua balbu ya wati 21 ya volti 24, iunganishe waya mbili, chomoa plagi ya tela halafu pima kwenye soketi ya kichwa. Kwenye soketi ya pini saba ya volti 24 namba 1 ni athi, 2 taa ndogo za kushoto, 3 indiketa ya kushoto, 4 breki, 5 indiketa ya kulia, 6 taa ndogo za kulia. Namba zimeandikwa ndani ya soketi, ni ndogo, washa tochi ya simu. Shika 1 na 4, mtu akanyage breki: ikiwaka kwa nguvu zake zote kichwa kimepona, hama nenda kwenye tela. Ikiwaka nyekundu nyekundu, anza na kichwa. Usiamini rangi za waya, mafundi waliopita hapo kila mmoja aliunga na waya aliyokuwa nayo mfukoni.

Ukishajua ni tela, chukua waya mnene mrefu, kamata athi ya taa ya nyuma, ipeleke moja kwa moja kwenye negativu ya kichwa. Taa zikisafika basi jibu lishapatikana, ni athi. Alafu hamisha ule mwisho wa mbele uguse chesesi ya tela (kwangua rangi kwanza mpaka uone chuma kinang'aa). Zikibaki safi, kilichokatika ni kile kipande kati ya taa na chesesi. Zikififia tena, kosa lipo mbele: pini namba 1, ile kebo ya kujiviringisha inayotoka kwenye kichwa kuja kwenye tela, au boksi la kuungia waya pale mbele ya tela.

Hiyo pini namba 1 ndo inayoumia kuliko zote kwa sababu kila taa inarudia hapo. Piga hesabu, breki mbili, indiketa moja, na taa ndogo kama kumi ukijumlisha zile za pembeni, ni zaidi ya ampea 4 kwenye pini moja, na wakati huo imejaa vumbi na kutu ya kijani. Isafishe, itanue kidogo ibane, na waya wake uwe mnene kuliko wengine, mi naweka wa milimita za mraba 2.5.

Kuna tela moja ya kubeba mbolea ilinisumbua, yadi inawaka kila kitu, ikitoka ikikata kona taa zinazima. Namba 1 ilikuwa imeliwa kabisa ndani ya plagi, mbolea na unyevu vinakula shaba vibaya sana, na moto wote ulikuwa unarudi kupitia kingpini (ile pini nene ya chuma chini ya tela) na sahani ya kichwa inapokaa, penye grisi. Chuma kikigusana unawaka, tela ikijipinda unapotea. Kwa hiyo ukisikia dereva anasema taa zinakuja na kuondoka kwenye kona, nenda namba 1 moja kwa moja.

Vingine kwa haraka. Ukivutwa na kichwa cha Marekani, vingi vyao ni volti 12, na balbu za 24 hapo zitawaka nyekundu hata athi ikiwa nzima, kwa hiyo uliza kichwa gani kabla hujafungua kitu. Ukifunga LED indiketa ikaanza kupiga haraka haraka, flasha (kile kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima) inadhani balbu imeungua kwa sababu LED inavuta moto kidogo. Fyuzi ikikatika kila ukiweka, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, tela linaungua hivyo. Weka ile balbu ya 21 mahali pa fyuzi, halafu mtu mmoja tu atikise waya kuanzia miguu ya tela mpaka kwenye ekseli, pale balbu itakapopunguza mwanga ghafla ndo penye waya unaogusa chuma.

Na tafadhali msitoboe waya kwa sindano ya testa, maji yanaingia hapo na baada ya masika waya umeoza ndani. Jointi ya kusokota na selotepu nayo sio jointi, bana kwa kiunganishi na uvalishe mpira wa kusinyaa. Nasisitiza kwa sababu nyuma ya tela lisilo na taa za breki kuna basi linashuka mlima Kitonga usiku, na dereva wake hana kitu kingine cha kumwambia kwamba wewe umepunguza mwendo.

Fanya kile kipimo cha balbu kwenye 1 na 4 leo, kisha lete majibu hapa: imewakaje kwenye kichwa, na ule waya mrefu umebadilisha nini. Piga na picha ya ndani ya plagi ya tela, tuone hali ya hiyo pini.