Nondo wa Madagaska, viwavi wake na hofu ya muhogo

SWALI: Nimesoma kwamba viwavi wa nondo Chrysiridia rhipheus wa Madagaska hula mimea ya jenasi Omphalea tu. Omphalea na muhogo ni familia moja. Je, misitu ikikatwa hawatahamia kwenye muhogo? Na mbona nondo wenyewe huonekana kwenye maua ya kila aina?

JIBU: Muhogo usiuhofie. Familia ya Euphorbiaceae ina maelfu ya spishi, na undugu huo hautoshi kumbadilishia kiwavi chakula. Muhogo hujilinda kwa kemikali zinazotoa sianidi. Omphalea ina alkaloidi zenye umbo linalokaribiana na la sukari, zinazokwamisha vimeng'enya vya kuvunja sukari. Kiwavi huyu huzila, akazihifadhi mwilini, na hata akishakuwa nondo bado anazo. Rangi zake za kumetameta juu ya weusi huwaonya ndege kwamba haliki.

Utomvu nao ana namna ya kuukabili. Kiwavi mchanga hula nyama ya jani iliyo kati ya mishipa na kuiacha mishipa yenyewe, kwa kuwa ndimo utomvu unamopita. Akishakua hachagui tena: jani zima, maua, matunda, hata mashina machanga. Akidondoka, hurudi jani­ni kwa uzi wa hariri autoao mdomoni.

Kuhusu maua, nondo mpevu hatafuni majani, hunyonya nekta tu. Kumkuta kwenye ua fulani hakuonyeshi kabisa mahali anapotagia.

Linalonitia wasiwasi mimi ni Omphalea yenyewe. Madagaska ina spishi nne, na zote hazioti porini kwingine. Tatu ziko kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini, nazo hupukutisha majani kiangazi. Ya nne, O. oppositifolia, iko kwenye misitu ya mvua ya mashariki na haikauki majani. Nondo huhama kati ya pande hizo mbili, kwa hiyo kuhifadhi msitu wa upande mmoja pekee hakumtoshi.

Ukikuta viwavi kwenye muhogo, watazame kwa karibu kabla ya kumshuku huyu. Wake ni weupe wa kimanjano wenye madoa meusi, miguu myekundu, na nywele nyeusi zilizovimba nchani.