JKIA mpaka JFK ni masaa 15? Sawa, wacha niwaambie ukweli

Binamu yangu ameuliza juzi kwenye grupu la familia, ati ameangalia kwenye simu akaona JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) mpaka JFK (ule wa New York, huku Marekani ninakoishi) ni masaa 15 tu, sasa mbona mimi naonekana nyumbani kila baada ya miaka mitatu kama mtu anayetoka mwezini. Wengine wakaweka vicheko. Haya, najibu.

Masaa 15 ni kweli, sikatai. Ukipima moja kwa moja ni kama kilomita 11,840, na tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inaruka bila kutua popote. Kuja huku ndio 15, kurudi nyumbani ni 14 hivi, juu upepo wa kule juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukirudi unakusukuma, ukija unapigana nao.

Lakini hayo ni masaa ya kukaa kwenye kiti bana. Mimi siishi JFK. Niko Minneapolis, hiyo ni ndege nyingine ya masaa matatu, na Marekani hata kama unaunganisha tu lazima upite uhamiaji pale ulipotua kwanza, uchukue mizigo yako mwenyewe, uikabidhi tena, foleni ikiwa ndefu shauri yako. Na soma tiketi vizuri, kuna zile unatua JFK halafu ndege ya pili inatokea Newark, uwanja mwingine kabisa, kwenye ramani ni kilomita thelathini na kitu, kwa barabara jioni utajua hujui.

Na wengi wetu hata hiyo ya moja kwa moja hatupandi, tunafuata tiketi rahisi. Ukipitia Doha unaruka masaa matano kwenda kaskazini mashariki, yaani Marekani umeipa mgongo, unakaa uwanjani masaa yoyote utakayopewa, halafu mengine 14 mpaka New York. Jumla kama kilomita 14,100. Safari yangu ya mwisho nilihesabu kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa nyumba, masaa 41, miguu imevimba mpaka viatu vikakataa kuingia.

Babu alipofariki nilipata habari Jumatano, mazishi Jumamosi. Alhamisi usiku ndio nikapewa off, Ijumaa alfajiri nikatoka, theluji ikachelewesha ndege ya kwanza, kufika New York ile ya Nairobi imeshafunga mlango. Nikalala kwenye viti na suti yangu kwenye mfuko, nikapanda ya kesho yake, nikafika Jumapili tenti zinashushwa. Mjomba mmoja akasema mbele ya watu, "na si ni masaa 15?" Sikumjibu siku hiyo, ndio namjibu leo.

Kitu kingine ni tarehe, jamani. Desemba sisi huku Minneapolis tuko nyuma yenu masaa 9. Nikiandika natoka tarehe 19, hesabuni tarehe 20 mchana, na hiyo ni mambo yakienda sawa. Shangazi mara ile aliona tarehe ya kutoka akafunga safari, akakaa JKIA tangu asubuhi na chupa yake ya chai, na mimi saa hizo bado nimelala Minneapolis, hata begi sijafunga.