Mwamba wa pweza tulioufunga miezi mitatu ulikauka siku ya tatu. Je, tufunge mwaka mzima?

Swali: Asalaam aleykum. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia moja kusini mwa Pemba. Tulifunga mwamba wetu mkubwa wa pweza kwa miezi mitatu, asivue mtu. Tulipoufungua, siku ya kwanza walitoka pweza ambao hata wazee waliwastaajabia. Siku ya tatu hapakuwa na kitu. Wazamiaji wenye vyombo walipata sana, kina mama waliambulia kidogo, na tajiri anayetununulia pweza akashusha bei mchana ule ule. Sasa wako wanaosema kufunga hakuna faida, na wako wanaotaka tufunge mwaka mzima. Wapi tulipokosea?

Jibu: Waaleykumu salaam, ndugu katibu. Pweza mwenyewe hakuwaangusha. Miezi mitatu ilifanya kazi yake, na pweza wakubwa wa siku ya kwanza ndio ushahidi. Kilichoharibika ni siku ya kufungua, na hiyo iko mikononi mwenu kabisa. Lakini nianze na hoja ya mwaka mzima, kwa sababu mkiifuata mtapoteza mali.

Pweza wa miambani kwetu haishi sana. Umri wake ni kama mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Katika muda huo mfupi anakua kwa kasi ya ajabu: akiwa bado mdogo, uzito wake unaweza kukaribia kuongezeka maradufu kwa mwezi. Mwenye nusu kilo leo, akiachwa, baada ya miezi miwili anaweza kukaribia kilo mbili. Hiyo ndiyo faida mnayoivuna mnapofunga. Jike akishapevuka hutafuta pango, hulifunga mlango kwa mawe, hutundika mayai yake juu ya dari na kuyalinda bila kula. Mayai yakianguliwa, naye hufa. Dume naye hadumu sana baada ya kupandana. Kwa hiyo mkifunga miezi kumi na miwili, pweza wengi mliowaona wakikua watakuwa wamekwisha kufa wenyewe mapangoni, na vitoto vyao vitakuwa vimechukuliwa na mkondo kwenda miamba mingine. Kwa pweza, miezi miwili hadi minne inatosha. Chini ya hapo uzito hauongezeki kiasi cha kulipa doria.

Hoja ya wale wanaotaka mwaka mzima siidharau, ila ina mahali pake. Chewa na changu huhitaji miaka, si miezi. Kama shehia ina nia hiyo, tengeni kipande kingine kidogo kisichovuliwa kabisa, kama ilivyofanyika kisiwani Misali, hapo Pemba, tangu mwaka 1998, na msikichanganye na mwamba wa pweza. Mkichanganya mambo haya mawili, mtu atasubiri samaki kwenye mpango wa pweza, akate tamaa, na mpango wote uanguke.

Sasa wale wanaosema hakuna faida. Kufunga miamba ya pweza kwa muda kulianza kujulikana sana katika bahari yetu ya Hindi kutokana na kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia vipindi 36 vya kufunga vya eneo lile, kati ya 2004 na 2011. Katika mwezi uliofuata kufunguliwa, pweza waliotoka kwenye miamba iliyofungwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na kipato cha pweza cha vijiji kikawa zaidi ya maradufu. Jambo ninalolipa uzito zaidi ni hili: wakati wa kufunga, kipato cha vijiji hakikushuka kwa kiasi kikubwa. Sababu ni kwamba walifunga sehemu tu, kama sehemu moja ya tano ya eneo lao la pweza, wakaendelea kuvua kwingine. Nyinyi mmeandika "mwamba wetu mkubwa". Kama mwamba huo ndio nusu ya riziki ya shehia, mlifunga pakubwa mno, na watu waliingia siku ya kufungua wakiwa na njaa ya miezi mitatu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa amwache pweza mdogo.

Kwamba mwamba ulikauka siku ya tatu, hilo lisiwatishe. Faida ya kufunga huvunwa haraka popote inapofanywa. Swali ni nani aliyeivuna na aliuza kwa bei gani.

Kina mama. Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mipango mingi ya pwani yetu inapowadhulumu watu bila mtu kukusudia. Mama anavua kwa miguu. Anategemea maji kupwa, na anahitaji bamvua, siku zile za mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo kwetu maji hutoka mbali kati ya saa nne na saa tano asubuhi na mwamba ukaonekana. Maji mafu yakiwapo, yaani siku za katikati ya bamvua mbili, mwamba hautoki majini, na anayefika ni mwenye miwani ya kuzamia na chombo peke yake. Angalieni kalenda yenu: mlifungua tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Kama ilikuwa kati ya saba na kumi, au ishirini na moja na ishirini na nne, basi kina mama walitolewa kwenye mavuno siku tarehe ilipopangwa. Fungueni siku ya kwanza au ya pili ya bamvua kubwa. Siku hiyo ya kwanza iwe ya wanaotembea kwa miguu tu, na wazamiaji waanze kesho yake, upande wa kina kirefu. Liandikwe hilo kwenye kanuni za kamati na lisomwe msikitini na kwenye mkutano wa shehia kabla ya kufunga, si asubuhi ya kufungua watu wakiwa wameshashika vyuma.

Tena, mlipochagua mwamba wa kufunga, nani alikuwa kwenye kikao? Mzamiaji akifungiwa mwamba mmoja anasogeza ngalawa yake kwenda mwingine. Mama akifungiwa mwamba wa karibu na pwani hana pa kwenda. Kama mwamba ule ndio wake pekee, fungeni nusu yake, au fungeni wa mbali.

Bei ni hesabu nyepesi. Pweza wote wakitoka siku moja na mnunuzi ni mmoja, lazima ashushe. Waiteni wanunuzi wawili au watatu wiki moja kabla, wataje bei mbele ya kamati, na waje na barafu ya kutosha. Gaweni mwamba vipande viwili vinavyofunguliwa bamvua mbili tofauti. Na kwa pweza atakayebaki bila mnunuzi, kina mama wanajua kumwanika tangu enzi. Pweza mkavu anaweza kungoja bei, mbichi hawezi. Kuna wavuvi wenye deni la tajiri ambao hawana uhuru wa kuchagua wamuuzie nani. Hao zungumzeni nao mapema, na tajiri wao awepo.

Mvuvi atakayekuta pango limezibwa kwa mawe na jike ndani na mayai yake, amwache. Pweza asiyefika nusu kilo naye aachwe. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zimeweka gramu 500 kuwa kiwango cha chini, na ni kiwango kizuri kukiandika hata kwenye kanuni zenu. Na pango lisivunjwe. Pango zuri akitolewa pweza mmoja huingia mwingine, na wavuvi wazoefu wanayajua mapango yao kama milango ya nyumba za jirani. Anayelivunja kwa nondo ili amtoe mmoja ameua na makao ya wajao.

Mwisho, mizani na daftari. Bila kujua mlikuwa mkipata kilo ngapi kabla ya kufunga, mabishano yenu hayatakwisha, kila mmoja atasema kwa jicho lake. Anzeni bamvua inayokuja, mwamba ukiwa bado wazi: pimeni kila mvuvi anachopandisha, andikeni kama ni mwanamke au mwanamume, alitembea au alizamia, na aliuza kwa bei gani. Chukueni bamvua nne hivyo kabla ya kufunga tena. Kisha nitumieni kurasa hizo pamoja na mchoro wa miamba yenu yote, hata wa mkono, tukadirie pamoja kipande gani kifungwe na kwa ukubwa gani.