Maswali ya wasomaji, 2021: Tukutane kutazama nyota na korona hii, au tuahirishe tena?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari moja hapa Moshi. Tuna kikundi chetu cha kutazama nyota, wanafunzi, wazazi na majirani, tukikutana tunafika hata watu 40. Mara ya mwisho ilikuwa Februari 2020, afu mwezi uliofuata wakatangaza yule mgonjwa wa kwanza huko kwenu Arusha, nikairudisha darubini kwenye boksi lake na mpaka leo sijaitoa. Sasa wanafunzi wananiuliza kila siku, na bibi yangu aliyenilea, ana miaka 74 na ana kisukari, kaniambia anataka aione sayari ya Zohali na pete zake kwa macho yake. Nimefikiria Jumamosi tarehe 11 Septemba 2021. Wenzangu wengine wanasema ninunue sanitaiza ya kupuliza niwe napuliza kwenye lenzi kila mtu akimaliza, wengine wanasema niache kabisa mpaka ugonjwa uishe. Nifanyeje? Mwalimu, Moshi.

JIBU: Marahaba Mwalimu. Fanya. Ila sio kwa watu 40, na hiyo sanitaiza ya kupuliza naomba ikae mbali kabisa na darubini yako, nitakwambia kwa nini.

Kwanza tuelewane hatari iko wapi, mana naona watu wengi wanaiogopa lenzi wanasahau foleni. Korona inapita zaidi kwenye hewa tunayopumua na kuongea, mtu na mtu wakiwa karibu karibu kwa muda. Sasa fikiria usiku wenu wa zamani ulikuwaje, darubini moja, watu 40 wamejipanga mgongo kwa mgongo, kila mmoja anachungulia dakika moja mpaka mbili, kwa hiyo wa mwisho amesimama saa nzima anapiga stori na kucheka na aliye mbele na aliye nyuma yake. Ile dakika yake kwenye lenzi ni kidogo sana ukilinganisha na ile saa nzima. Na kabla ya hapo wengine wamekuja wamebanana kwenye Noah moja, vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi, na huko ndani hewa ni ileile inazunguka. Uwanjani kuna upepo, kwenye gari hamna. Mimi ningekuwa wewe ningewaambia watu waje kwa miguu au kila familia na usafiri wake, na wakipanda gari wafungue vioo na wavae barakoa, hata kama ni safari ya dakika kumi.

Kwa hiyo ua foleni. Gawa watu, usiku mmoja watu 15, Jumamosi nyingine 15 wengine, waandike majina na namba za simu kwenye daftari ili mtu akiugua baadae ujue wa kumpigia. Kila familia ije na mkeka wake ikae pamoja, na kati ya mkeka na mkeka acha mita mbili. Gizani watu hawajui mita mbili ni wapi, watasogeleana tu bila kukusudia, kwa hiyo jioni mapema kabla jua halijazama chukua chokaa, ileile ya kuchorea uwanja wa mpira, uchore viboksi kwenye majani. Chokaa inaonekana hata kwa mwanga wa nyota, na watoto wanaipenda, wanakaa kwenye boksi lao kama wapo kwenye mchezo. Afu unaita mkeka mmoja mmoja kwenda kwenye darubini, wanarudi, unaita mwingine. Wakati huo wengine hawajasimama wanasubiri, wamelala chali wanaangalia juu, na wewe unawasimulia. Na kama una kispika kidogo kitumie, usipaze sauti, kwa sababu mtu akipaza sauti anatoa mate mengi zaidi, na ukiongea chini chini watu watakusogelea ili wasikie.

Sasa lenzi. Mwezi wa 12 mwaka 2020, tarehe 21, sayari za Mshtarii na Zohali zilikaribiana mpaka ukichungulia unaziona zote mbili kwenye kioo kimoja, mara ya mwisho kukaribiana vile ilikuwa 1623. Nilialika majirani wachache tu hapa nyumbani, mawingu yalifunguka kama dakika ishirini hivi magharibi, na kijana mmoja kwa nia njema kabisa akamimina sanitaiza ya jeli kwenye lenzi ya kuchungulia akaifuta na ncha ya fulana yake. Nilipoinama kuangalia, sayari zote mbili zilikuwa zimevimba kama taa ya barabarani kwenye ukungu, na kwenye kioo kulikuwa na utando wenye rangi rangi kama mafuta juu ya maji. Dakika ishirini zile ziliishia kwenye kutafuta lenzi nyingine. Ile jeli ina vitu vya kulainisha ngozi, haikauki ikaisha, na fulana ina vumbi linalokwaruza. Kwenye kioo kuna rangi nyembamba sana ya kuzuia mwanga usirudi, ikishakwaruzwa haitengenezeki.

Ufanye hivi. Kioo chenyewe usikiguse. Kinachogusa uso wa mtu ni ule ukingo wa plastiki au mpira unaozunguka kioo, huo ndio unaufuta, kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo tu na spiriti ya asilimia 70, unyevu sio kudondosha, afu unauacha ukauke wenyewe kabisa kabla jicho la mtu halijafika, mana spiriti mbichi kwenye jicho inauma vibaya. Kama una lenzi mbili au tatu ndio vizuri zaidi, moja inatumika na nyingine inakauka. Mikono pia, weka ndoo ya koki na sabuni pale pa kuingilia, maji tiririka, sekunde ishirini. Watu wanawe hapo, mikono ikauke, wasije na mikono yenye sanitaiza mbichi kwenye darubini.

Afu tumia lenzi ya kuchungulia iliyoandikwa milimita 25, usitumie ile ndogo ya 9 au 10. Hizi ndogo zinamlazimisha mtu abandike jicho kabisa, kope zinagusa kioo. Ile ya 25 mtu anaona akiwa ameacha nafasi ya upana wa kidole hivi, hata mwenye miwani anaona nayo bila kuvua. Kama fokasi ya darubini yako (umbali ambao kioo chake kikubwa kinakusanya mwanga) ni milimita 900, basi ukiweka ya 25 unagawa 900 kwa 25, unapata ukuzaji wa mara 36, na kwa mara 36 pete za Zohali zinaonekana, ndogo lakini kali, kama kitu kilichochorwa kwa kalamu yenye ncha. Waambie watu mikono nyuma, kama wanafunzi paredi, hamna kushika bomba wala stendi. Wewe peke yako ndio unagusa. Na utalazimika kugusa mara kwa mara kwa sababu dunia inazunguka na sayari inatoka kwenye kioo, kila dakika mbili tatu urudishe katikati, kwa hiyo ni vizuri uwe na msaidizi mmoja wa kuita mikeka na mwingine wa kufuta.

Kuna watu watakushauri ufunge simu kwenye darubini watu waangalie kwenye skrini, hamna atakayesogeza uso. Kwa mwezi ni nzuri sana, mashimo yanaonekana vizuri na mkeka mzima unaona pamoja, na kama kuna mtu ana mafua kidogo au hajisikii vizuri (huyo alitakiwa abaki nyumbani, na useme hivyo kwenye meseji ya mwaliko bila aibu) basi skrini inasaidia. Ila kwa Zohali mimi nakataa. Skrini inaonyesha kidoti cheupe kinachotetemeka. Nimeona watoto wakitazama skrini wakasema "haya", na watoto haohao wakichungulia wenyewe wakaruka nyuma wakageuka kuangalia kama kuna picha imebandikwa mbele ya bomba. Kwa hiyo skrini iwe ya mwezi, jicho liwe la Zohali.

Bibi sasa. Bibi asikae kwenye zamu. Bibi awe wa kwanza kabisa, kabla hujaita mkeka wowote, lenzi ikiwa safi haijaguswa na mtu, wewe umevaa barakoa na yeye amevaa yake. Muwekee kiti, sio stuli, kiti chenye mgongo, na ushushe miguu ya stendi kabla hajafika ili asiinuke kwa vidole. Zohali saa mbili usiku itakuwa imeshapanda vizuri upande wa mashariki, na Mshtarii inang'aa zaidi yake chini kidogo. Mpe muda, usimhesabie dakika, wazee macho yao yanachelewa kuzoea. Akimaliza akae pembeni upande upepo unakotokea, au arudi ndani akanywe chai. Na kama hajachanja mpeleke, mzee wa miaka 74 mwenye kisukari ndio mtu hasa aliyefikiriwa chanjo zilipoanza, tumemuona Rais Samia mwenyewe akichanja Julai 28, 2021. Ile chanjo ya Janssen iliyoletwa 2021 ilikuwa dozi moja tu, ila kinga haiji siku hiyohiyo, inahitaji kama wiki mbili na zaidi, kwa hiyo hata akichanja leo, siku ya tarehe 11 bado avae barakoa na bado awe wa kwanza.

Tarehe umechagua vizuri kweli. Mwezi utakuwa mchanga wa siku kama nne tano, jua likishazama tu unauona pamoja na sayari ya Zuhura upande wa magharibi, anza na hivyo viwili mana Zuhura inazama kama saa tatu. Mwezi nao unaondoka saa nne hivi, na hapo giza linakuwa la kweli, Njia ya Maziwa inapita juu ya vichwa vyenu na kundi la nyota la Nge linaelekea kuzama kusini magharibi na mkia wake. Wakikaa mpaka saa tano wataona kile kikundi cha nyota cha Kilimia kinachungulia mashariki, wazee wenu wa kilimo watakuwa na ya kusema hapo.

Chai kila mtu na kikombe chake kutoka nyumbani. Na najua Moshi, mtu atakuja na mbege, pombe yetu ya ndizi. Hamna shida, ila isipite kwenye kata moja (kibuyu cha kunywea) kutoka mdomo hadi mdomo.

SWALI: Habari za kazi. Nina watoto watatu na binamu zao wanne wanakuja wikiendi, tuna darubini moja ya mkono ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, vioo vya mbele milimita 50), wanagombania. Afu wakivaa barakoa wanalalamika kioo kinaingia ukungu hawaoni. Mama wa Njiro, Arusha.

JIBU: Salama mama. Watoto wako watatu wanalala nyumba moja wanakula sahani moja, hao washiriki tu, wala usijichoshe. Binamu ndio kikundi kingine, wao waazime ya jirani au wapewe zamu yao usiku mwingine. Ikishindikana, wakipokezana futa ule mpira wa machoni kama nilivyomwambia Mwalimu hapo juu. Na zaidi ya korona kuna macho mekundu, hayo yanapita kwenye hivyo vimpira haraka kuliko unavyodhani, mtoto mwenye jicho linalotoa uchafu asishike kabisa.

Ukungu unatokana na pumzi kupandia juu ya barakoa. Chagua barakoa yenye waya, ubane puani mpaka ulale kwenye mfupa, au bandika kipande cha plasta juu ya pua. Na kioo cha baridi ndio kinashika ukungu wa pumzi haraka, kwa hiyo kati ya zamu na zamu darubini ikae ndani ya koti ipate joto kidogo. Waonyeshe Mshtarii wakiwa wameegemeza viwiko kwenye ukuta, wataona vidoti vinne au vitatu vimejipanga kwenye mstari pembeni yake. Hiyo ndio miezi aliyoiona Galileo Januari 1610.

SWALI: Nikipiga nyungu (kujifukiza kwa mvuke) kabla ya kwenda kwenye mkutano wa nyota, si nitakuwa salama bila barakoa? Kijana, Sakina.

JIBU: Hapana mdogo wangu. Nyungu inafungua pua na unajisikia mwepesi, lakini kirusi haiuwi, wala haimzuii aliye pembeni yako kukuambukiza. Na maji ya moto yameunguza watu. Vaa barakoa.

SWALI: Nataka kununua ile tochi ya leza ya kijani niwe naonyesha nyota kwa mbali ili watu wasinisogelee. Ni wazo zuri? Boma Ng'ombe.

JIBU: Wazo lenyewe ni zuri, mwalimu anaonyesha akiwa mita kumi na kila mtu anaona. Lakini hapo Boma mko karibu na uwanja wa ndege wa KIA, ndege zinashuka usiku, na ule mwanga ukimpiga rubani machoni anapofuka kwa sekunde ambazo anazihitaji kuliko zote. Ukiona taa yoyote inatembea angani zima, usisubiri ujue ni nini. Watoto wasiishike hata kwa kujaribu, mana ikipiga jicho la mtu kwa karibu inaunguza ndani. Kama huna uhakika utaweza kuidhibiti, chukua tochi ya kawaida, funga mfuko mwekundu mbele yake kwa mpira, ili macho ya watu yasipoteze giza yaliyolizoea, hiyo huchukua dakika 20 mpaka 30 kurudi. Afu elekeza kwa maneno: anzia kwenye ile nyota kubwa juu ya mwembe, panda ngumi mbili (ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele), geuka kulia.